Hapa nilikuwa nacheka nini?

Fremu ilikuwa nzito kuliko nilivyodhani. Niliipakata kwenye Noah kutoka Moshi mjini mpaka Himo, na kutoka Himo mpaka Marangu Mtoni, nikiikinga kwa mwili kila dereva alipokanyaga breki. Pale Mtoni nikachukua bodaboda, fremu ikakaa katikati yangu na dereva, imefungwa shuka kuukuu. Tulipofika kwa Bibi jua lilikuwa limeshaanza kulalia migomba, na wajukuu wawili waliokuwa wamebaki nyumbani wakaja kunipokea hata kabla sijashuka.

Tukaisimamisha sebuleni, juu ya kochi. Inchi 20 kwa 30. Watu 43. Babu na Bibi katikati kwenye viti, wana wao na wakwe nyuma yao, wajukuu kando, vitukuu wamekaa kwenye nyasi mbele. Miaka 50 ya ndoa. Kila mtu anatazama kamera, na kila jicho liko wazi.

Bibi alisogea polepole, akashika mgongo wa kochi. Akawa anapitisha kidole juu ya kioo, uso mmoja baada ya mwingine, akitaja majina. Alipofika kwenye uso wake mwenyewe, kidole kikasimama.

"Mwanangu," akaniambia bila kugeuka, "hapa nilikuwa nacheka nini?"

Binti yake mkubwa akadakia: "Si furaha, mama! Siku yako ile."

"Furaha naijua," Bibi akasema. "Hapa nilikuwa nacheka kitu."

Watu wakacheka. Na mimi nikacheka nao.

Jibu nilikuwa nalijua. Nililifuta mwenyewe, usiku wa manane, kwenye kompyuta.

Saa nane mchana

Desemba ya Kilimanjaro sina haja ya kumweleza mtu. Kwetu sisi wapiga picha ni mavuno. Kipaimara leo, ndoa kesho, ubatizo keshokutwa, na siku hizi jubilei za wazee, maana watoto wote wako nyumbani kwa wakati mmoja na hakuna ajuaye kama watakutana hivyo tena. Mimi ni Mpare wa Same, lakini mwaka wa kumi na moja sasa Krismasi yangu huishia kwenye vihamba, mashamba ya nyumbani ya Wachaga.

Jubilei hii niliipangia vizuri. Nilikwenda siku mbili kabla kuangalia eneo. Nikawaambia kamati: picha ya pamoja tuipige saa moja na nusu asubuhi, kabla ya ibada. Mlima unakuwa wazi alfajiri, na ikifika saa nne mara nyingi umeshajifunika. Jua la asubuhi linapita pembeni, linachonga uso vizuri bila kuuchoma. Kamati ikaniangalia kwa huruma. Wageni wa Dar wangekuwa wameingia saa tisa usiku. Nani angewaamsha?

Basi ikawa saa nane mchana, baada ya chakula, jua la utosi.

Aliyewahi kupiga picha nje huku kwetu anajua maana yake. Jua likiwa juu ya kichwa, macho yanaingia shimoni, pua inaangusha kivuli mpaka mdomoni, na mzee mwenye kofia anabaki kidevu tu. Walitaka mlima uwe nyuma, kwa hiyo kamera itazame kaskazini. Kwa Desemba hilo lina nafuu yake: jua la mchana linakuwa limeegemea kusini, yaani mgongoni kwangu, nalo linawapiga watu usoni. Mwezi wa sita ni kinyume, linakuja kutoka upande wa mlima na nyuso zote zinatoka nyeusi usipowasha flashi. Lakini nafuu yenyewe ina gharama. Watu 43 wakitazama jua, utapata watu 43 wamefinya macho.

Na mlima haukuwepo. Palikuwa na wingu tupu.

Nikatafuta kivuli. Chini ya turubai hapakufaa, kwa sababu lilikuwa la bluu, na turubai la bluu humfanya mtu aonekane kama ametolewa majini. Kwenye migomba napo hapakufaa. Ni pazuri kwa macho, ila mwanga ukishachujwa na majani yale unafika kwenye ngozi ukiwa kijani, na hata ukae na picha usiku kucha hutaitoa kijani yote bila kuua rangi ya mtu. Pale mbele ya nyumba kulikuwa na mparachichi mkubwa. Nikawapanga kwenye ukingo wa kivuli chake, miguu karibu na jua, vichwa kivulini, nyuso zikielekea uwazi. Hapo ngozi nyeusi hung'aa yenyewe, bila kupakwa kitu.

Nilichukua karibu dakika arobaini kupanga. Babu akaletwa, akakaa. Kisha Bibi akaletwa.

Aliyemleta ni binti wa miaka kama kumi na tisa, ishirini. Alikuwa amevaa fulana iliyofifia na khanga kiunoni, kitambaa kichwani. Alimkalisha Bibi taratibu, kama mtu anayetua ndoo iliyojaa. Akamwekea mto mgongoni. Akakunja kipande cha khanga akakitandika chini ya miguu yake, maana nyasi zilikuwa bado na unyevu. Halafu akasimama nyuma ya kiti, mkono mmoja begani kwa Bibi.

Nikapiga moja ya kujaribu mwanga. Nikaita, "Bibi, tazama hapa!" Sekunde ileile binti akainama akamnong'oneza kitu sikioni, na Bibi, macho kwenye lenzi, akaangua kicheko. Mwanga ulikuwa sawa.

Ukoo mzima ulivaa sare, kitenge cha zambarau. Yeye hakuwa nacho. Sikuhitaji kuambiwa na mtu, na hakuna aliyeniambia.

"Dada, tupishe kidogo."

Akaondoka hapohapo, wala hakuangalia kama ni yeye aliyeambiwa. Akaenda kusimama kando ya tangi la maji, kushoto kwangu.

Picha kumi na nne

Nilipiga kumi na nne. Nilihesabu baadaye.

Katika zote kumi na nne, Bibi anatazama kushoto.

Si kwamba sikuona. Niliona, nikaita: "Bibi, hapa! Bibi, kamera!" MC naye akaita kwa spika. Wajukuu wakapunga mikono juu ya kichwa changu. Alikuwa akigeuka kidogo, kwa adabu, na kidole changu kikibonyeza, shingo imesharudi ilikotoka. Nikajiambia ni uzee, jua kali, uchovu wa ibada ndefu. Ndafu, mbuzi mzima wa kuchoma, ilikuwa inasubiri, watoto wameanza kuvutana, na kameramani wa video ananipigia ishara ya saa.

Nikasema asanteni sana. Watu wakatawanyika.

Nilipoinamisha kamera nilimwona binti anatoka pale kwenye tangi, haraka, kabla hata wakwe hawajageuka. Akamshika Bibi mkono kumwinua.

Kichwa cha kuhamisha

Katika kazi yetu kuhamisha kichwa si kosa. Ukiwa na watu arobaini, hakuna picha moja ambayo wote wamefumbua macho. Unachagua iliyo bora, kisha aliyefumba unamletea uso wake kutoka picha nyingine iliyopigwa sekunde mbili nyuma. Usiku ule nilihamisha vichwa vitatu. Mtoto aliyekuwa analia. Mkwe aliyepiga chafya. Na Bibi.

Mtoto na mkwe walinichukua dakika kumi. Bibi alikuwa tatizo, kwa sababu kati ya zile kumi na nne hakukuwa na hata moja ya kuazima. Nikarudi nyuma mpaka kwenye ile ya kujaribu mwanga.

Pale alikuwa ametoka vizuri mno. Meno mawili ya mbele hayapo, macho yamebaki mistari miwili, kilemba kimepinda kidogo. Uso wa mtu aliye nyumbani kwake.

Nikaukata, nikauleta.

Lakini haukuja peke yake. Ulikuja na vidole vinne vilivyokuwa vimelala begani mwake. Nilivikuza mpaka vikajaa kioo cha kompyuta. Kucha fupi. Kidole cha shahada kimefungwa plasta, na plasta yenyewe imeingia masizi pembeni. Nikaanza kuvifuta. Nilichukua kipande cha kitenge kutoka bega la pili nikavifunika, ila maua ya kitenge hayakutaka kukutana. Kila nilipoyaunganisha, jani moja lilikatikia hewani. Kazi ile ilinichukua karibu saa nzima.

Ilipokaa sawa nilifurahi. Nilimwamsha mke wangu aone.

"Hakuna atakayejua," nikamwambia.

Nani bado

Nilifundishwa kazi hii na mzee mmoja aliyekuwa na studio ndogo karibu na stendi ya Moshi. Nilimkuta bado anatumia mkanda, ingawa wenzake walikuwa wameshahama. Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kumbebea stendi ya kamera na kushika mwavuli wa flashi.

Kwenye picha ya pamoja alikuwa na tabia iliyokuwa ikinikera. Akishapanga watu, akishaingia nyuma ya kamera, akishapima, anatoka tena. Anasimama mbele ya watu na kuuliza kwa sauti:

"Nani bado?"

Watu wanaanza kuangaliana. Kuna anayetajwa. Mtoto anatumwa jikoni, mwingine anatumwa kule wanakochinjia. Anakuja mama mmoja anajifuta mikono, anakuja kijana ana damu ya mbuzi kwenye viatu. Mzee anawapangia nafasi upya. Wakati mwingine tulisubiri dakika kumi nzima huku mwanga unaondoka, na mimi nimeshika mwavuli, nanung'unika moyoni.

Siku moja nilimuuliza. Akaniambia mkanda una picha 36, ameshatumia 33, na mpaka ukasafishwe hajui kama zimetoka. Akikosea leo, kesho hawezi kurudi kuongeza mtu.

Sitaki kumpamba. Nadhani wema ulikuwepo, lakini hofu ya kurudishiwa picha ilikuwepo pia, na gharama. Hilo ndilo linalonisumbua. Umaskini wa mkanda ulimlazimisha aulize nani bado. Mimi nina kadi inayobeba maelfu ya picha, na kompyuta inayoweza kuweka na kuondoa chochote, na bila mtu yeyote kunifundisha nimezoea kuuliza swali jingine kabisa. Naangalia kundi lililopangwa, nauliza nani atoke.

Sijui nilianza lini.

Waliosogezwa

Baada ya ile ziara ya fremu nilianza kuwakumbuka. Walikuwa wananijia barabarani, kwenye foleni ya benki, nikiwa nanyoa ndevu.

Kuna kijana mmoja kwenye send-off ya mwaka juzi, mchumba wa mdogo wa bibi harusi, ambaye posa yake ilikuwa haijapokelewa. Shangazi alinivuta pembeni akaniambia, "Piga moja na yeye, moja bila yeye." Hiyo tunaiita picha ya tahadhari, na karibu kila mpiga picha wa sherehe anaifahamu. Kijana alisimama, akapigwa, kisha nikamwomba apishe nipige ya pili. Alielewa. Alitabasamu kama mtu aliyelipia tiketi akaambiwa basi limejaa.

Kuna mtoto wa kiume wa nje ya ndoa, kwenye kipaimara cha ndugu yake kule Kibosho. Walimpanga mwisho kabisa, mimi nikamkata kwa lenzi bila kumwambia. Hata "pisha" hakuisikia.

Kuna akina mama wa jikoni, wasio na idadi. Mvuke wa sufuria upo kwenye video, wenyewe hawapo.

Rafiki yangu wa kazi nilimweleza habari ya Bibi, akanishangaa. "Wewe umelipwa na familia," akasema. "Ungemwacha yule dada, wangekuuliza huyu ni nani kwenye picha ya ukoo. Wangekwambia umtoe, na usingelipwa hiyo saa ya kumtoa." Ana haki. Nimewahi kurudishiwa picha ya harusi kwa sababu jirani alijipenyeza mstari wa nyuma, nikaambiwa nimfute. Mwenye sherehe ndiye mwenye kujua nani wake. Mimi ni mpita njia mwenye kamera.

Tena huenda binti mwenyewe hakutaka. Labda alichoka. Labda alifurahi kuondoka chini ya macho ya watu 43 wenye sare akiwa na kitambaa cha jikoni kichwani. Nilijitetea hivyo kwa majuma kadhaa, na kila utetezi ulikuwa na ukweli ndani yake.

Ila hakuna hata mmoja uliofika kwenye swali la Bibi. Yeye hakuniuliza kwa nini binti hayumo. Aliuliza alichokuwa anakicheka. Kumtoa mtu kwenye picha ni jambo moja, na linaweza kuwa halali. Mimi nilichukua kicheko ambacho yule binti alikitengeneza, nikakiweka ukutani kwa watu, na yeye nikamfuta bega lisibaki na alama. Nikamwachia mama wa watu uso wake mwenyewe asioweza kuusoma.

Mvulana wa mwavuli

Siku ile ya fremu, wakati wanatafuta msumari, nilipata nafasi ya kuitazama picha iliyokuwa ukutani tangu zamani. Ni ya ndoa yao, nyeusi na nyeupe, imepigwa nje ya kanisa miaka ya 1970. Babu ana suruali pana chini, Bibi ana shela fupi na glavu. Wamesimama wima kama watu wanaokaguliwa.

Upande wa kulia, pembezoni kabisa, kuna nusu ya mvulana. Bega moja, sikio moja, na mkono ulioshika mwavuli uliofungwa.

"Huyu nani?" nikauliza.

Babu alimtaja bila kufikiri. Alikuwa mtoto wa jirani, alitumwa ashike mwavuli kwa sababu asubuhi ilikuwa na manyunyu. Baadaye alikwenda Tanga kwenye kazi za mkonge, akafia huko. "Hatuna picha yake nyingine," Babu akasema. "Mama yake alikuwa anakuja hapa kumwangalia."

Kuangalia nusu ya mtoto wake, kwenye harusi ya watu wengine.

Nyuma yao, juu ya paa la kanisa, kilele cha Kibo kinaonekana, na barafu imeteremka mpaka mahali ambapo leo ni mwamba mtupu. Aliyepiga alikuwa anapiga bwana na bibi harusi, barafu hakuifikiria. Tunaambiwa kwamba katika barafu iliyofunika kilele mwaka 1912, zaidi ya asilimia 80 ilikuwa imetoweka kufikia mwaka 2007. Mjukuu wao mmoja ni mwongoza watalii, na yeye ndiye aliyenionyesha kwa kidole mahali barafu ilipokuwa inafika. Aliniambia pia kwamba amefika kilele cha Uhuru mara nyingi kiasi cha kupoteza hesabu, na picha zake mwenyewe akiwa pale juu ni tatu. Kazi yake kule ni kushika simu za wageni.

Mpiga picha yule wa zamani hakuwa na njia ya kumfuta mvulana wa mwavuli. Laiti angekuwa nayo angeitumia, naamini hivyo. Mimi ningeitumia.

Elfu tatu

Mwisho wa Februari nilisafisha ile picha ya kujaribu mwanga, saizi ya 5 kwa 7, nakala mbili. Sikuigusa. Kitambaa cha jikoni kipo, vidole vipo, mkwe mmoja bado anavuka nyuma na sahani. Jumapili mchana nikapanda Noah.

Bibi alikuwa barazani anachambua maharage kwenye ungo. Nikamwamkia, kisha nikajaribu "Shimboni" yangu, salamu ya Kichaga, na yeye akaniitikia kwa subira, kama anavyoitikiwa mtoto. Babu alikuwa amelala ndani. Nikampa picha.

Aliisogeza mpaka karibu iguse pua. Akakaa nayo. Halafu mabega yakaanza kutikisika kabla sauti haijatoka.

"Soksi!" akasema. "Soksi za huyu mzee!"

Binti akatoka jikoni kuona kuna nini. Bibi akamnyooshea picha huku anajifuta machozi kwa pindo la khanga. Ndipo nikaelezwa. Babu alikuwa amegoma kuvalishwa siku ile, akavaa mwenyewe gizani, soksi moja nyeusi na moja ya kahawia, na mchana kutwa hakuna aliyegundua isipokuwa binti, alipoinama kutandika khanga miguuni. Hicho ndicho alichomnong'oneza.

Niliomba niingie sebuleni. Nikaenda mpaka kwenye fremu kubwa, nikachuchumaa mbele yake. Soksi zilikuwepo. Moja nyeusi, moja ya kahawia, chini katikati, kubwa kama kidole gumba. Zimekaa ukutani majuma yote yale, na mimi niliyeikuza picha ile mpaka nikaona masizi kwenye plasta sikuwahi kutazama miguu.

Nilipotoka, binti alikuwa ameshika nakala yake kwa ncha za vidole, anaiangalia. Nilikuwa nimeandaa maneno kwenye gari. Nikamwambia siku ile nilimwambia apishe, sikufanya vizuri, hii ni yake.

"Asante kaka," akasema. Akanyamaza. Kisha: "Ila hii siitaki."

Sikujua la kujibu.

"Nina kitambaa cha jikoni. Nikimtumia mama kule Singida, si atasema huku sina hata nguo?" Akanirudishia. "Nipige nyingine. Peke yangu."

"Sawa. Hata sasa hivi."

"Bei gani?"

Nikamwambia hakuna bei. Akatikisa kichwa. "Hapana kaka. Ya bure utaileta ukijisikia. Ya kulipia nitakudai. Bei gani?"

"Elfu tatu, na kuisafisha."

Akafungua pindo la khanga, akahesabu noti mbili na sarafu mbili za mia tano, akaniwekea mkononi. Halafu akaniambia nisubiri, akaingia ndani.

Bibi alirudi kwenye maharage yake. Ile picha ameshaichomeka kwenye kitabu cha nyimbo, kona imechungulia nje. Nami nikazunguka uwanjani kutafuta mwanga, kwa mazoea, nikaona ukingo wa mparachichi bado unafaa, nikaanza kupima.

Alitoka baada ya nusu saa. Gauni la kijani lililopigwa pasi likasimama, viatu vyeupe, nywele zimesukwa twende kilioni na kupakwa mafuta mpaka njia zinang'aa. Nikamwonyesha mahali nilipochagua. Akapatazama, akapita, akaenda kusimama kwenye jiwe lililo karibu na zizi, mgongo ukielekea kaskazini.

"Nataka mlima uonekane," akasema.

Nikageuka kuangalia. Wingu lilikuwa limelala zito kutoka kilele cha Mawenzi mpaka mwisho wa macho.

"Utafunguka?" akauliza.

"Jioni huwa unafunguka. Si kila siku."

"Basi tusubiri."

Nikasogeza stendi mpaka karibu na tangi la maji, ndipo nilipoweza kumpata mzima pamoja na anga. Saa kumi na moja ikapita. Bibi akaniletea ndizi mbivu kwenye sahani, akaweka na stuli. Nikakaa. Nikamwambia binti naye aje akae, nitamwita wingu likianza kukatika.

Akakataa. Alisema akikaa gauni litakunjika.